Nyota Iliyokatika Mkia

Shikamoo Mama. Huku Geita vumbi linaingia mpaka kwenye ugali, lakini kaka Masanja ananilisha sato kila siku, kwa hiyo usihangaike.

Ile nyota yenye mkia mnaiona jioni huko Shinyanga? Mganga aliwaambia kaka na wenzake kwamba mkia unaonyesha dhahabu iliko. Wakaacha duara lao, lile shimo la dhahabu, wakaanza kuchimba jingine kule mkia ulikoelekea. Juzi nikawaazima darubini yangu ya shuleni, wakakuta mkia umekatika, unaelea peke yake kama moshi. Mganga akasema kuna aliyevunja mwiko. Wote wakanigeukia mimi, mwanamke pekee pale machimboni.

Ikabidi nifundishe. Nikawaeleza kwamba jua hupuliza upepo wenye nguvu ya sumaku, na sumaku hiyo huuzunguka mkia wa gesi. Upepo ukija na sumaku iliyogeuka, mkia unakatika na kupeperushwa, kisha nyota inaota mwingine.

"Huo mwingine utaelekea wapi, mwalimu?" akauliza kaka, ambaye tangu utotoni huniita "wewe".

"Kinyume cha jua, kama kawaida."

Leo mganga kafukuzwa. Wachimbaji wamehamia nyuma ya kilima, kwenye kivuli, wanapiga sululu kwa furaha, na mlangoni kwangu wamefunga kuku mweupe.

Mama, uliuza ng'ombe ili nisome fizikia, nisije nikarithi uganga wa babu. Nimekukumbuka mno. Kuku nakuletea.

Mwanao, Kabula