Namba ya Kasyoka

Gatwekera, Kibera,
Nairobi.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Eddah,

Nakusalimu kwa furaha. Habari za Doha na joto lake? Natumaini mgongo umepoa, na kwamba yule mama unayemfanyia kazi sasa anakuacha ulale. Sisi tu wazima, ila baridi ya Juni inatusumbua. Mama anakohoa kidogo lakini bado anagombana na majirani, kwa hivyo ujue hajambo.

Jael wako amenenepa. Siku hizi anakimbia, na akifika mlango wa jirani anaingia tu kama mwenye nyumba. Najua umekuwa na wasiwasi kuhusu chanjo yake ya pili ya surua tangu usikie ugonjwa umeingia upande wetu. Hilo ndilo limenifanya nichukue kalamu, maana kwa simu kicheko kingetumalizia dakika.

Unakumbuka rejista ya chanjo ya zahanati ninakojitolea iliingizwa kwenye kompyuta. Siku ya mtoto ikifika, mzazi anatumiwa meseji. Raha sana, lakini rejista hiyo inakula pesa: meseji, bando, umeme, mshahara wa karani. Mfadhili akachoka, akamtuma mhasibu wake, Kagiri, aje Jumatano ya kliniki aone kama meseji zinaleta watoto. Zisipoleta, anafunga mfuko. Niliogopa, Eddah. Bila meseji, wamama wanaoamkia vibarua watakumbuka vipi?

Sasa sikia. Kumbe wapangaji wote wa ploti yetu waliandikisha namba moja, ya Kasyoka muuza githeri! Simu zetu huisha chaji na laini tunabadilisha kila uchao, lakini ya Kasyoka haizimi. Hata Jael nilimwandikisha hapo. Meseji zikiingia, Kasyoka anaacha sufuria jikoni na kupita milangoni akiwaita wamama. Hakuna aliyewahi kumlipa, wala kulifikiria.

Jumatano ikafika, naye Kasyoka alikuwa amekwenda Kawangware kumwona binti yake Mumbua, aliyejifungua. Simu alikwenda nayo. Benchi za kliniki zikabaki tupu. Nesi akakataa kufungua kichupa cha dawa kwa mtoto mmoja, maana kikishafunguliwa lazima kiishe siku hiyo au kimwagwe. Kagiri anaangalia saa, mimi nimembeba Jael, natamani ardhi inimeze.

Kule Kawangware meseji zikalia mfululizo mpaka kichanga kikaamka. Kasyoka akampigia binamu yetu Ojwang, yule wa vipaza sauti vya kanisa, amtajie majina ya watoto ili akawaite wamama. Ojwang, kwa uvivu wake, badala ya kuyaandika akaiweka simu mbele ya maikrofoni. Eddah! Sauti ya Kasyoka ikamwagika Gatwekera yote: "Mama Brandon! Unafua na mtoto hajadungwa? Mama Elvis, wacha umbea, beba mtoto! Nikirudi nipate mtu hajaenda, githeri yangu asahau!"

Wamama walikuja mbio, wengine na povu mikononi. Kichupa kikafunguliwa, na Jael akawa wa kwanza kudungwa. Alilia, akamkunjia nesi uso, kisha akalala.

Kagiri akaitazama kompyuta, akauliza, "Huyu Kasyoka ako na watoto wangapi jameni? Ama ni shule?" Tulicheka mpaka machozi. Tulipomweleza, akataka kujua analipwa nini. Nesi akamwambia ukweli. "Basi hesabu zetu zote zilikuwa za uongo," akasema, na papo hapo akamwongeza Kasyoka kwenye gharama. Rejista inaendelea, asante Mungu!

Ila wametaka kila mtoto awe pia na namba ya mzazi wake. Karani aliponiuliza ya Jael, nilifungua mdomo kutaja yangu, nikashindwa. Nikampa yako. Akasema meseji ya ng'ambo ni ghali, zahanati haiiwezi. Nikamwambia hiyo nitailipia mimi. Kwa hivyo siku ya matone yake ya vitamini ikifika, wewe ndiwe utajua kwanza, halafu utupigie ututume. Wewe ndiwe mama yake.

Mama anakusalimu sana, pia Ojwang na Kasyoka. Wasalimie wenzako wa chumbani. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye bila kuchoka,
dada yako Seline.