Maombi ya Saa ya Chakula

Mowlem, Mei 1996

Dada Mideva,

Mimi ni mzima, na sweta uliyonitumia imenitosha kabisa. Huku kumenyesha hadi matope yamefika mlangoni.

Uliniuliza habari za kazi. Ofisini ni kelele tu. Kila saa saba mchana wenzangu wanafunga mlango, wanapiga makofi na kuomba kwa sauti hadi bawabu anawasikia kule getini. Nilivumilia, mpaka Lorine, niliyekuwa nimemwambia siri yangu, alipolia, "Bwana, mtoe Luseno, mume wa Asenath, kwa yule mwanamke wa mtaa wa Huruma!" Jengo zima likajua.

Basi juzi nikafumba macho nami, nikapaza sauti kuwashinda wote: "Bwana, mkumbuke Lorine anayevuta sigara chooni! Mkumbuke Griffins anayelala stoo akisema ameenda benki!"

Siku hizi wanaomba kimoyomoyo, nami nakula githeri yangu kwa amani.

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Na Mungu akimsikia Lorine, huyo Luseno akarudi, atakuta nimebadilisha kufuli.

Ni mimi mdogo wako,
Asenath