Mkono wa Kasi wa Kaka Yako

Nyumbani, ghorofa ya pili, juu ya fundi vioo
Jumapili asubuhi, mvua imekatika

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu kabla ya lolote. Mgongo wako unaendeleaje? Nilisikia bado unalala sakafuni kwa agizo la daktari, nami nikamwonea huruma mkeo, maana najua jinsi unavyolalamika ukiguswa hata na upepo. Na watoto je? Yule wa mwisho ameacha kula sabuni? Mwambieni mama mkubwa anafua kwa sabuni hizo, hazifai tumboni.

Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo unayajua, maana na wako umeumia palepale. Kazini hospitalini nimerudi, nipo kule kule kwenye chumba cha kufulia, na mashuka hayajapungua. Jana nimepumzika, leo pia napumzika, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia kwa utulivu. Ukiona herufi zimepinda, ni vidole. Nimevisugua mpaka ngozi imelainika kama ya mtoto mchanga, na sababu utaiona mbele.

Ujumbe wako niliupata. Umesema kila Jumamosi unaingia kwenye ule mchezo wenu wa kompyuta wa kurusha vyombo vya angani, unakuta chombo cha kaka yako kimesimama palepale alipokiacha, karibu na ile nyota nyekundu mliyohangaika kuifikia, nawe unaegesha chako pembeni na kukaa. Umesema huwezi kurudi ukakiacha huko peke yake. Nilisoma nikakaa kitako jikoni. Halafu ukaniomba mimi, mtu ninayeogopa hata lifti, nivae ile miwani inayofunika uso mzima, niingie kwa jina lake, nikirudishe chombo nyumbani. Jibu langu ni ndiyo. Lakini Shemeji, njia ya kulitimiza jibu hilo imenichefua roho, na sina mwingine wa kumweleza.

Ulinishauri nitumie vifaa vyake mwenyewe, ile fimbo ya kugeuzia chombo na ule mkono wa kasi, unaosukumwa ili chombo kiende. Ushauri mzuri, ila vifaa havikuwepo. Wiki ile ya mazishi, watu wakiwa wamejaa sebuleni, binamu yenu Kijiko alivibeba. Alisema anaviweka mahali salama visije vikapotea. Unamjua Kijiko, hakupewa jina lile bure. Hakuna chungu cha mtu asichofika. Wakati ule sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Ningeweza kumwona anabeba mlango nikamwambia asante.

Basi nikamfuata. Mahali salama pa Kijiko ni kile chumba chake nyuma ya stendi, anapokodisha michezo ya kompyuta. Ukifungua pazia unapokelewa na uvundo wa soksi, jasho na mafuta ya kukaangia yaliyochacha. Na pale, mbele ya kiti chenye sponji iliyotoka nje, nikaiona fimbo ya mume wangu. Imefungwa mezani kwa waya. Juu yake kimening'inizwa kitambaa cha kujifutia pua.

Shemeji, mimi nafua mashuka ya wagonjwa. Uchafu si mgeni kwangu, tunaamkiana. Lakini uchafu wa mgonjwa una heshima yake, mtu hakuutaka. Huu ulikuwa uchafu wa watu wasiojali. Mpira wa kushikia ulikuwa umeyeyuka, unanata kama ulimbo, na katika huo ulimbo kumekwama nywele, makombo na kitu cheusi ambacho sikutaka kukijua. Chini ya kitufe cha kidole gumba palikuwa na ubani uliotafunwa. Nilipoishika, kiganja changu kilibanduka kwa sauti. Nikatamani kukiacha palepale.

Kijiko yeye anacheka. Akasema, "Aa, shem, huo si uchafu, hizo ni alama za mapenzi. Watu wanakipenda kifaa!" Nikamuuliza vile vitu vidogo alivyobandika kaka yako kwenye vitufe viko wapi. Unavikumbuka? Kwa kuwa ukivaa miwani huoni mikono yako, alibandika punje ya mchele kwenye kitufe kimoja, kipande cha msasa kwenye kingine, na kifungo cha koti langu la kazi kwenye kile cha kutua. Alikuwa akisema, "Nikigusa kifungo chako najua nimefika nyumbani." Kijiko akajibu, "Yale matakataka? Tuliyabandua, yalikuwa yanawakwaruza wateja."

Niligeuka kutafuta mkasi.

Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayenitakia mema, "Na huo mkono wa kasi chukua tu, kaka aliuziwa kibovu. Ukisukuma mbele, chombo kinarudi nyuma. Sijui alikuwa anarukaje." Na ukutani, nyuma ya kichwa chake, amebandika karatasi yenye picha ya chombo cha kaka yako, kilekile cha mchirizi wa buluu. Chini ameandika kwa kalamu nene: KINAUZWA, MWENYEWE HAYUPO.

Mwenyewe hayupo! Kaburi bado lina unyevu. Karatasi nimeibandua, nikakunja, nikatia mfukoni, na nywila ya mchezo nimeshaibadilisha, kwa hiyo usihangaike. Nikakata ule waya kwa meno ya mkasi wake mwenyewe, nikaondoka na vifaa ndani ya mfuko wa nailoni, nimeunyoosha mbali na mwili kama aliyebeba panya mfu. Watu njiani walinipisha.

Kwa kuwa fimbo ilikuwa haitamaniki na mkono wa kasi ni mbovu, nilikwenda kununua vipya. Dukani nako nilikutana na karaha za aina nyingine. Muuzaji ni mtu mzima mwenye marashi ya kutosha harusi mbili, na kila nikiuliza swali ananijibu kwa taa. "Mama, hii ina taa za rangi saba. Hii hapa, ukibonyeza, inawaka mpaka chini." Nikamwambia macho yangu yatakuwa yamefunikwa, taa atamwashia nani? Akacheka, akanionyesha nyingine yenye taa zaidi.

Nikafumba macho nikaanza kuzipapasa moja moja. Akaniita, "Mama, umesinzia?" Nikamwambia sijasinzia, nachagua. Mteja mmoja nyuma yangu akasema, "Mwache, huenda anaziombea." Wakacheka. Mimi nikaendelea, maana ndivyo kaka yako alivyochagua yake; alisimama dukani amefumba macho kama kipofu, mimi nimemshikia mkoba, naona aibu. Alinifundisha siku ile kwamba fimbo nyingi zimechongwa kwa kiganja cha kulia tu, na yeye alikuwa wa kushoto, kwa hiyo alitaka iliyo sawa pande zote. Alinifundisha pia kwamba izungushike kama kifuniko cha chupa, ili pua ya chombo igeuke bila kutafuta pedali za miguu. Nilidhani nimesahau. Kumbe vidole vilikuwa vinasikiliza.

Muuzaji akaniletea miwani ya majaribio niivae. Ile sponji inayogusa paji la uso ilikuwa na rangi mbili, ya kiwandani na ya mapaji ya watu. Ilikuwa bado na joto la aliyetoka kuivua. Nikatoa foronya safi niliyokuwa nayo kwenye mkoba, nikaifunga usoni kwanza. Hata hivyo harufu ilipenya. Nikajaribu mikono ya kasi. Wa kwanza ukiuachia unarudi katikati wenyewe. Nikasema hapana, nataka unaokaa pale ninapouacha. "Huo wa kujirudi ndio wa kisasa, mama." Nikamjibu, "Vya kujiondokea vimenitosha." Hapo akaacha kucheka, akaenda kunitafutia mwingine bila kutaja taa.

Nikarudi na fimbo nyeusi isiyo na mbwembwe na mkono wa kasi unaotulia. Nikafunga vyote viwili kwenye mikono ya kile kiti chake, siyo mezani, maana mezani unapapasa mpaka unaangusha chai. Nikaingia kwenye uwanja wa mazoezi. Nilisukuma, chombo kikaenda mbele, nyota zikazunguka, nami nikatapika kwenye beseni. Samahani kwa kukueleza hili wakati labda unakula, lakini ulinihakikishia kwamba "ni raha tupu, shemeji". Wewe na kaka yako mna tumbo la aina gani?

Sasa vile vya zamani niliamua kuvitupa. Lakini sikuweza kuvitupa vikiwa katika hali ile. Nilijiambia, mtu hazikwi bila kuoshwa, na hiki nacho kimeshikwa na mume wangu. Nikaanza na fimbo. Nilisugua kwa pamba na spiriti, ule ulimbo ukatoka mweusi, ukanikaa chini ya kucha, ukaniharibia chakula cha mchana. Haikupona, mpira wote ukabanduka vipande vipande, na ndani vyuma vimelegea, chombo kinavutika kushoto chenyewe. Fimbo imekwisha, Shemeji. Nimeikubali.

Mkono wa kasi niliufungua kwa bisibisi ili nitenge nyaya na maji. Ndani kulikuwa kusafi. Kijiko na wateja wake hawakufika huko. Nyaya mbili zilikuwa zimebadilishana mahali, zimefungwa vizuri, na kilichozifunga ni uzi mwekundu.

Uzi ule naujua. Siku moja aliniomba kwenye kopo langu la kushonea. Nikamuuliza wa nini, akasema, "Wa kazi." Nikamwambia uzi wangu si wa kufungia kreni anayoendesha. Akachukua, akaondoka anapiga mluzi.

Nilikaa nao mkononi muda mrefu. Halafu nikamwona akilini akiwa kule yadi ya makontena, juu kabisa kwenye kile kibanda cha kioo, siku ile aliyonipandisha nikalia kwa woga. Mkono wa kreni yake unauvuta kuja kwako ndipo mzigo unanyanyuka. Kusukuma ni kushusha. Mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote ya kazi hawezi kuja nyumbani kuambiwa kwamba kwenda ni kusukuma. Kwa hiyo akaugeuza. Haukuwa mbovu hata siku moja. Ulikuwa wake.

Najiuliza kama hata wewe ulijua. Mliruka pamoja miaka yote, mmoja anasukuma, mwingine anavuta, na mnakwenda sambamba.

Nikaufunga tena, nikauchomeka, nikavaa miwani nikiwa na beseni miguuni. Nikavuta. Chombo kikaondoka polepole. Tena mkono wangu haukushangaa kabisa, maana mashuka yaliyolowa huyasukumi, unayavuta kuja kwako kwa uzito wa mwili wote. Nilizunguka uwanja wa mazoezi mara kadhaa. Tumbo lilinung'unika, beseni likabaki kavu.

Ule mpya nimeurudisha dukani. Muuzaji akaniuliza, "Mama, umerudisha kizima ukabaki na kibovu?" Nikamwambia ndiyo. Hakuelewa, nami sikuwa na haja. Fimbo mpya nimebaki nayo, na kwenye kitufe cha kutua nimebandika kifungo kingine cha koti langu. Sasa koti linafungwa kwa pini, msimamizi amenikaripia.

Kijiko amenitumia salamu, anataka kuja kunisaidia kurusha. Nimemjibu kwamba nina msaidizi.

Basi, njoo Jumamosi saa zenu zilezile. Egesha pembeni yake kama kawaida. Utakapoona taa za chombo chake zinawaka, usipige kelele kwenye kipaza sauti, nitashtuka nikigonge chako. Tangulia mbele kidogo, nenda taratibu, nikufuate mgongoni. Njia siijui, na wewe unaijua. Nikinyamaza katikati ya safari, usidhani nimepotea, nitakuwa nainamia beseni. Na usinihimize kwa kusema "sukuma, shemeji, sukuma." Niambie vuta.

Msalimie sana mkeo, umwambie foronya alizonishonea ndizo zilizoniokoa dukani. Mbusu mla sabuni na dada zake. Wifi wa hapa, dada yako, anawasalimu. Ndiye atakayekaa nami siku hiyo, kushika beseni na kunikumbusha kupumua. Mungu aunyooshe mgongo wako, aibariki meza yenu, na awaweke mpaka tuonane kwa macho yasiyofunikwa.

Ni mimi, shemeji yako nikupendaye,
Mke wa kaka yako.