Harufu ya Kichwa cha Jerop

Njoro, Jumapili

Kaka Bethwel,

Huku ngano imeota vizuri. Na ile wiski ya Skotilandi uliyotutumia, iliyomalizia kukomaa kwenye mapipa ya ramu, ile pombe ya miwa, tumeifungua! Mume wangu Kimaiyo alinimiminia kidogo. Kwanza ilinichoma ulimi, halafu nikapiga kelele: "Molasi! Inanukia molasi ya kulishia ng'ombe!"

Kimaiyo akaduwaa. "Chelagat, umesikia harufu?"

Tulikuficha jambo moja, usije ukahangaika huko mbali. Ile homa niliyougua nikiwa mjamzito iliniondolea kabisa uwezo wa kunusa. Jerop wetu ana miaka miwili, na sikuwa nimewahi kusikia harufu yake.

Nikaacha glasi, nikamkimbilia, nikamvua kofia, nikamnusa kichwa. Bethwel, mtoto wangu ananukia maziwa na moshi! Nililia kwa furaha, naye akinicheka.

Dadako,
Chelagat