Mwadime Simrudishi

Kalerwe, Kampala

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Zile salamu nyingi kama mchanga wa bahari nimeziacha, maana barua iliyopita ulisema mchanga haujazi tumbo, unataka habari. Basi kwanza nipe zako. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa, au bado anatudanganya na lile tumbo? Mimi ni mzima. Mafua yalinishika mvua zilipoanza, nikayanywesha tangawizi mpaka yakanihama.

Dereva wa lori aliyeniletea barua yako anarudi Mombasa kesho, na Voi atapita. Kwa hiyo naandika sasa hivi, nimekaa juu ya gunia la viazi nyuma ya hoteli, wateja wa mchana wamekwisha kula. Ukiona doa kwenye karatasi usidhani ni machozi, ni mafuta ya kupikia.

Umeniandikia maneno mazito. Umesema nimrudishe Mwadime, kwamba Kampala imemshinda mdogo wangu, kwamba watu wa huku hawampendi Mkenya, na afadhali akuchungie mbuzi kuliko aonewe ugenini. Tena umeuliza kwa nini tangu aje hajakuandikia hata mstari. Hilo la mwisho atalijibu mwenyewe. Kuhusu kurudi, Mama, simrudishi. Usikunje uso, soma kwanza.

Sisemi kwamba hayo uliyosikia ni uongo. Watu wa huku wametoka vitani, na wengi wao Kiswahili walikisikia kwa askari aliyegonga mlango na bunduki mkononi. Hata leo ukimwamkua mtu mzima kwa Kiswahili unamwona anashtuka kidogo kabla hajajibu. Mwadime alipofika, mwenye chumba changu alitaka kumkataa kwa sababu hiyo tu, na mimi iliniuma sana. Lakini mama huyo huyo sasa ananiita binti yake, kwa vile nilijifunza kumpigia magoti na kumsalimu kwa Kiganda kila asubuhi, hata asubuhi ambazo hakuitikia. Mwadime yeye alisema Kiganda kinakataa ulimi wake, akaacha.

Unamjua mwanao. Ana sababu kama kuku alivyo na manyoya, ukimnyonyoa hapa, pale bado ziko. Mtihani ulimshinda kwa sababu aliketishwa dirishani. Baiskeli ya mjomba iliibwa kwa sababu duka lilikuwa na foleni. Kazi ya mkonge ilikwisha kwa sababu shamba lilifungwa, na hiyo nakubali, maana waliokuwa wachapakazi nao walifukuzwa vile vile. Lakini zile nyingine, Mama, nani alikuwa anazitaja kabla yeye hajafungua mdomo? Ni wewe na mimi. Yeye alikuwa anaitikia tu.

Sasa nikwambie yaliyotokea. Mwenye hoteli tunakofanya kazi mimi na Mwadime tunamwita Nnalongo, ndilo jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Ni mwanamke mpana, sauti yake inafika barabarani. Alipata kazi ya kupika chakula cha kwanjula, siku ambayo watu wa bwana arusi wanakuja kujitambulisha kwa wazazi wa binti. Baba wa binti ni mwalimu huko Kyambogo, mtu wa kuheshimiwa, na wageni wangekuja na kanzu zao zimenyooshwa. Kwa Waganda, shughuli kama hiyo ikiwa na matoke magumu ni aibu ya ukoo mzima, na mpishi hapati kazi tena mjini.

Matoke ya huku hayachemshwi kama ndizi zetu. Yanamenywa, yanafungwa kwenye majani ya mgomba kama mtoto kwenye kanga, yanawekwa chunguni juu ya vikonyo vya majani ili yaive kwa mvuke peke yake. Yakiiva yanabonyezwa kwa mikono yakiwa bado ndani ya majani, ya moto vile vile, kisha yanarudishwa yalainike. Ukiyafungua kabla ya hapo mvuke unakimbia, yanashika ugumu, na hapo hakuna dawa. Nnalongo alimkabidhi Mwadime chungu kikubwa, akaenda kufuata kuku. Alimwambia jambo moja tu, asifungue.

Lakini kwetu ndizi zinachemka wazi kwenye sufuria, na ukitaka kujua kama zimeiva unachoma kisu. Mwadime amekua akiuona mkono wako ukifanya hivyo. Na mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ile, makaa yakatoa moshi kidogo, akaingiwa na wasiwasi.

Nnalongo aliporudi aliweka mikono juu ya majani abonyeze, akatulia. Akabonyeza tena. Nikaona uso wake unabadilika. "Hii nakuwa mawe," akasema. "Nani nafanya nini hapa?"

Mama, hakuna aliyeniuliza mimi. Lakini nilishajibu. "Ni makaa, Nnalongo. Yamelowa."

Basi akaitwa Mama Furaha, mama wa Kikongo anayetuletea makaa, ambaye alivuka mpaka na watoto wake bila hata sufuria. Nnalongo akamwambia abebe magunia yake, asionekane hapo tena. Mama Furaha hakupiga kelele. Alichukua kipande cha makaa akakiinua mbele ya macho ya Nnalongo. "Guse na mukono, mama. Makala yangu ni ya kukauka. Kama ni mayi, ni ya ile mvua ya leo, haiko ya miye." Hoteli yetu ndiyo inayochukua karibu mzigo wake wote.

Hapo Mwadime akasema, "Ni mimi, Nnalongo. Nilifungua."

Nikamkanyaga mguu. Naam, nilimkanyaga, tena kwa kisigino. Akautoa mguu wake pole pole, akaendelea. "Nilifungua, nikachoma kisu. Makaa hayana kosa."

"Wewe nafungua? Kwa nini?"

Nikangoja. Nilijua sababu zinakuja, na safari hii zilikuwepo za kweli: mvua, moshi, ndizi za kwetu, ugeni. Hata mimi ningeziamini. Mwadime akatazama chini, akasema, "Nilitaka tu kuona."

Basi, ndiyo hayo tu. Nnalongo alimwangalia mpaka nikaanza kuwaza vyombo vyetu nitavifunga kwenye nini. Kisha akamgeukia Mama Furaha, akamwambia, "Nnyabo, nsonyiwa," yaani mama nisamehe, na mwanamke yule si mwepesi wa kuomba radhi. Halafu akamrudia Mwadime. "Mimi iko na bwana nyumbani, yeye kila siku iko na sababu. Wewe leo hapana leta sababu. Haya, chukua kisu hiyo hiyo, menya ingine."

Tukakimbilia sokoni, tukarudi na mikungu, tukamenya sote mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mama Furaha naye alikaa chini akamenya, huku ananung'unika kwa lugha ya kwao. Mwadime alifunga majani upya, akaketi kando ya chungu akiwa amekalia mikono yake. Chakula kilifika Kyambogo wageni wakiwa wameshakaa kwa njaa. Shangazi wa binti alimsema Nnalongo pale mlangoni maneno ambayo sitayaandika, na Mwadime alikuwa nyuma yake amebeba chungu, akayasikia yote. Ila matoke yalikuwa laini. Waliyala yakaisha.

Usidhani alisifiwa. Aliondolewa jikoni, akawa anasugua masufuria uani, mvua na jua, na mimi nilimwonea huruma mpaka nikataka kwenda kumsemea. Alinikataza. Jioni ya siku ile ile ya matoke nilikuwa nimemwuliza kwa nini alijitaja, na yeye alikuwa ameshanusurika. Alinijibu neno ambalo bado linanitembea moyoni. "Dada, wewe na Mama hata makosa yangu huwa mnanichukulia. Sasa mimi changu ni kipi?"

Nililia, Mama. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi hata si mwanangu.

Sasa anawasalimu majirani kwa Kiganda. Anakosea vibaya, wanamcheka, anarudia. Mwenye chumba alimletea muhogo juzi, kwa mkono wake. Na wiki hii Nnalongo amemrudishia chungu kikubwa. Hakumpa hotuba, alimtupia tu kamba ya kufungia majani akasema, "Hapana fungua." Kwa hiyo ukiniambia nimpakie kwenye lori aje achunge mbuzi, ninakuheshimu wewe uliyenizaa, lakini nitakuwa ninamnyang'anya kitu cha kwanza alichokishika mwenyewe. Dunia inamwonea wakati mwingine, najua, kama inavyotuonea sote. Tumwache ajue lini ni dunia na lini ni yeye. Ninaomba sana uniruhusu.

Nisalimie mjomba, mwambie baiskeli yake haijasahauliwa. Nisalimie shangazi mwimbishaji wa kwaya, najua ataisoma barua hii kabla yako, basi shikamoo shangazi. Yule jirani wa kisimani aliyekuletea habari za Kampala, naye msalimie, mwambie akitaka habari nyingine aniulize mimi. Mbusu mbuzi mwenye pembe moja. Nakukumbuka kila nishikapo kisu cha kumenyea, na ninakuombea goti.

Ni mimi binti yako,
Wakesho

Hapa chini nimemwachia Mwadime nafasi. Sikumwambia aandike nini.

Mama, shikamoo. Matoke ya leo nimepika mimi. Dada anasema umeuliza kwa nini sijakuandikia. Kalamu ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, na dereva alikuwa anapita. Sikuandika tu. Nisamehe.
Mwadime