Kwa Mama Mvuke, Uliyenyoosha Suti Ukalipwa Mshahara wa Mashati

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuachie nyumba iliyojaa nguo zenye makunyanzi. Usicheke. Baba ameamua kupiga pasi mwenyewe, na sasa suruali zake zina mistari mitatu kila mguu, kama barabara iliyokimbiwa na mkandarasi. Majirani wakimuuliza anajibu kwamba ndio mtindo wa sasa. Hakuna mtindo huo, na yeye anajua.

Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu. Tulikaa sebuleni, Baba, Dada, Shangazi na kitinda mimba wako aliyepewa kalamu kwa sababu hana kazi nyingine, tukaanza na upole wako. Ulikuwa mpole, nani atabisha? Mtoto wa jirani akija na sare iliyochanika, aliondoka imeshonwa, imenyooshwa, na shavu moja limejaa kitu cha kutafuna. Hata paka wa watu ulimsalimia, tena ukasubiri aitikie. Lakini kila kalamu ilipofika kwenye neno "mpole", Shangazi aliguna.

"Mpole, mpole. Upole wake waliufanya zulia, wakaukanyaga na viatu vyao."

Kalamu ikasimama. Ni kweli, Mama. Sisi tumekasirika, na hujawahi kupenda kufichwa mambo.

Kwa wasomaji wa kumbukumbu hii ambao hawajawahi kuingia katika ile dobi kubwa ulikofanya kazi tangu Dada hajaota meno: ni ukumbi mrefu wenye mabomba ya mvuke juu, unaopokea nguo za mahoteli na maofisi. Kushoto ziko meza za mashati. Hapo ni wanawake. Kulia, chini ya dirisha pana, iko meza ya suti. Hapo ni wanaume. Pasi ni zile zile na mvuke unatoka bomba moja. Ila wa meza ya suti anaitwa fundi na analipwa kama fundi, na wa mashati anaitwa msaidizi, na mshahara wake hata uuvute kama mpira haufiki mwisho wa mwezi. Ukiuliza kwa nini mwanamke hapangiwi suti, unaambiwa suti ni nzito.

"Nzito," ulituambia siku moja jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. "Nimebeba watoto tumboni na baba yenu moyoni. Koti ndilo litanishinda?"

Baba akakohoa nyuma ya gazeti. "Mimi si mzito kiasi hicho."

"Wewe ni blanketi lililolowa, mume wangu. Lakini nimekuzoea."

Na hizo suti ulikuwa unazipiga. Mafundi wakitoka kunywa chai, chai ndefu kama kesi ya shamba, msimamizi alikuja kwenye mashati akitabasamu: "Mama Mvuke, tusaidie kidogo pale." Ukahamia, wewe na wenzako, mkapiga makoti na suruali mpaka rundo likaisha, kisha mkarudishwa kushoto kabla mwenye dobi hajapita. Hicho "kidogo" kilikula mchana mzima, siku nenda siku rudi. Na msimamizi mwenyewe ni nani? Si yule kijana aliyeingia pale akidhani kola ina upande mmoja, ukamshika mkono ukamfundisha? Wakati wa kazi anawaita "mama zangu". Wakati wa mshahara anawaita "wasaidizi".

Ulikwenda kwa meneja kudai. Ulitusimulia jibu lake ukiiga ile sauti yake ya puani: "Hakuna mwanamke anayepiga suti hapa. Aliyekwambia hivyo ni nani?" Ulimuiga vizuri mno, Shangazi akamwaga chai. Halafu ukaenda kulala bila kula.

Ulipougua, Dada aliitwa asimame mahali pako. Meneja alilisema kwa heshima, utadhani anamkabidhi kiti cha enzi. Kumbe alikuwa anamkabidhi meza yako ya mashati, mshahara wako, na wito ule ule wa mchana: "Dada, tusaidie kidogo pale." Hilo ndilo linalotuchoma. Wewe umepumzika, lakini dhuluma uliyofanyiwa haijapumzika. Imepata mtu mpya.

Mwezi uliopita meneja akaja nyumbani. Alikuja amevaa suti, na Dada alipopokea salamu yake akaitambua kazi ya mkono wake mwenyewe kwenye kola. Akakaa kwenye kiti chako, hakuna aliyemwambia ahame, tunatubu. Akasema dobi inataka kukuenzi. Mwaka wako ukikaribia, watatundika picha yako kubwa ukumbini, mwenye dobi atakuwepo, wateja watakuwepo, na keki itakuwepo.

"Mama yenu alikuwa nguzo ya kazi," akasema.

"Nguzo hulipwa kiasi gani siku hizi?" Shangazi akauliza.

"Wewe nawe," Baba akanong'ona. "Mgeni huyu."

"Mgeni na anywe chai. Mimi nimeuliza bei ya nguzo."

Meneja akaona afadhali atoe picha. Alisema wametafuta sana, na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Mpiga picha wa matangazo aliipiga bila wewe kujua. Umekunja mikono ya gauni, mvuke umekuzunguka uso, unacheka na mtu asiyeonekana, na pasi yako iko juu ya bega la koti jeusi. Tuliitazama, tukapokezana. Kisha kitinda mimba wako, ambaye mdomo wake unaufahamu, akasema picha isitoke humu ndani: mtu aliyemnyima mama haki yake akiwa hai asimletee keki akiwa kaburini. Baba akasema tukikataa, Dada ndiye atakayelipia. Tukaanza kubishana mbele ya mgeni kama watu wasiolelewa.

Dada hakubishana. Alikuwa ameishika picha.

"Tumekubali, meneja," akasema kwa adabu. "Itundikeni. Iwe kubwa, hata aliyekaa nyuma aione."

Meneja aliondoka akitushukuru. Mlango ulipofungwa, Dada akatuwekea picha mezani. "Mmeliona dirisha? Mmeliona koti? Hii ni meza ya suti. Na wameichagua wenyewe."

Shangazi alianza kucheka polepole, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Baba hakucheka.

"Wakikufukuza?"

"Watakuwa wamefukuza msaidizi tu, Baba. Si ndivyo wanavyosema?"

"Mama yako angekwambia nini?"

"Angeniambia nivae vizuri."

Akavaa vizuri. Siku ya sherehe, wiki iliyopita, ukumbi ulijaa. Meneja akavuta kitambaa, ukatokea pale ukutani, mkubwa kuliko ulivyokuwa, na wenzako wa mashati wakapiga makofi huku wanafuta macho. Familia ikaombwa iseme neno. Baba akamsukuma Dada kwa kiwiko. Ndiyo, Baba yule yule.

"Tunashukuru," Dada akasema. "Nina swali moja, na mama hayupo wa kumuuliza. Hapo kwenye picha amesimama meza gani?"

Meneja akaigeukia picha kana kwamba ndio kwanza anaiona. "Hiyo ni meza... ya kazi."

"Ipi, meneja? Maana zenye kazi ni zote."

Mwenye dobi, mzee ambaye hukanyaga pale kwa nadra na hakujua swali lina moto gani, akajibu kutoka kiti cha mbele. "Si meza ya suti hiyo? Dirisha lake lile pale." Akanyoosha na fimbo.

"Ahsante, mzee," Dada akasema. "Na mimi nasimama hapo hapo kila siku, na hawa mama zangu. Tunaomba tulipwe kama wanaosimama hapo."

Msimamizi akasema, "Jamani, karibuni keki." Wenzako hawakuigusa, Mama, hata yule rafiki yako ambaye hajawahi kukataa kitu kitamu tangu azaliwe.

Kesho yake picha ilishushwa. Wamesema kioo kina doa. Lakini tangu siku hiyo, mafundi wakienda chai na msimamizi akija kuomba msaada, wanawake wanaendelea na mashati yao. "Wasubiri mafundi," wanamwambia, bila hata kuinua macho. Suti zimelundikana mpaka zimeziba dirisha. Mahoteli yanapiga simu. Mwenye dobi ameanza kuja kila siku, na anauliza maswali ambayo meneja hayapendi.

Leo, siku yako, Dada ameitwa ofisini kwa meneja. Ameambiwa aje peke yake. Tunaandika haya asubuhi, na Baba amefunga kibanda chake cha viatu, amevaa ile suruali ya mistari mitatu, anatuharakisha. Wenzako wa mashati wametuma ujumbe kwamba watazima pasi na kumsubiri Dada mlangoni, waingie naye. Ofisi ile ni ndogo, Mama. Itabidi meneja asimame.

Unakumbukwa na mumeo, fundi viatu; na binti yako mkubwa, anayepiga suti; na mwanao wa kati aliye mbali, aliyesema kwa simu tusipunguze hata neno moja; na kitinda mimba wako; na wifi yako, ambaye bado anauliza bei ya nguzo; na wanawake wote wa meza za mashati.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, na wao tutawakumbusha.