Kinachonukia Mtaroni: Nipande Jusai au Ua Nisiloweza Kulitaja?

Mpendwa dada yetu mkubwa, Eje Salkyn,

Naomba msaada wako na ninauomba haraka, maana zamu yetu ya maji ya mtaro ni Ijumaa na kile kipande cha ardhi kando ya mtaro kiko wazi kama kichwa kilichonyolewa, na nikikosea tena kukipanda sidhani kama nitaendelea kuishi katika nyumba hii.

Mimi ni mkamwana mpya. Niliolewa hapa Özgön msimu uliopita wa kuvuna mpunga, nikitokea At-Bashy huko juu milimani, mume wangu Mirlan akakaa nami majira ya baridi kisha akarudi Urusi kwenye kazi zake za ujenzi, tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, na nisimsingizie mtu, tulikuwa tunapatana vizuri, mimi nakanda unga, yeye ananisimulia habari za majirani, namimina chai naye anaipokea kwa mikono miwili na kuniombea dua. Sasa uani kwake ni hicho kipande kimoja tu kinachopata jua na maji ya kutosha, na hapo kila mwaka hupanda mmea ule wenye majani ya zambarau na maua madogo yenye harufu nzuri, ambao jina lake siwezi kuliandika kwa sababu ndilo jina la marehemu mama mkwe wake, na wewe unajua mkamwana hatamki majina ya wakubwa wa mumewe, wawe hai au wamekufa. Mwanzoni mwa masika jirani alinipa mashina ya jusai, mboga yetu ya majani marefu yenye harufu ya kitunguu saumu, nikaomba nafasi hapo kando ya miche yake, mama akaguna lakini akaniruhusu, jusai ikachipua, nikaikata, nikapika sambusa, naye akala.

Siku alipoitwa msibani kwa dada yake, akijifunga kitambaa cha kichwa pale mlangoni akaniambia, "Mwanangu, pale mtaroni pamesongamana. Hayo mengine yang'oe yote, ukiachie nafasi kinachonukia." Nikasema, "Sawa, mama." Eje, kwetu At-Bashy baridi haituachii maua, kinachonukia ni jusai, na mama yangu mzazi akisema "niletee kinachonukia" mtoto yeyote anakimbilia jusai, kwa hiyo nilifurahi moyoni, nikajiambia kumbe mama ameipenda mboga yangu, nikainama nikang'oa miche yote ya zambarau nikamtupia ng'ombe. Sikujua kwamba yeye, tangu aletwe hapa akiwa msichana, ndivyo anavyouita mmea ule, kinachonukia, kwa kuliogopa jina.

Aliporudi alikuja na wifi yangu Uulkan pamoja na majirani waliomsindikiza kumpa pole. Akasimama mtaroni. "Kinachonukia kiko wapi?"

"Hicho hapo, mama," nikamwonyesha jusai.

Wifi akacheka kile kicheko cha kukutoa nguo. "Ama kweli, aliyelelewa na kondoo kila jani kwake ni malisho!"

"Nimefanya nilivyoambiwa, wifi."

"Uliambiwa ung'oe cha mama ubaki na chako? Si useme tu kwamba nyumba umeitaka!" Akaingia mtaroni na viatu vyake vya msibani, akaing'oa jusai yote, akanirushia miguuni.

Hapo hasira zikanipanda, Eje, nikasema, "Makelele yote haya kwa ajili ya..." na jina nikalitamka, lote, kwa sauti, mbele ya watu. Mama akajifunika uso kwa ncha ya kitambaa akaingia ndani, na tangu siku ile hajanisemesha. Nikikaribia na birika analifunika bakuli lake la chai kifudifudi, kisha anajimiminia chai mwenyewe, na majirani wanaona.

Mirlan amepiga simu. "Mama hasemi, Uulkan ndiye anasema. Mwisho wa mwezi nakuja. Nikimkuta mama bado anajimiminia chai, nakurudisha kwenu. Usinilazimishe kuchagua, maana hapo hakuna cha kuchagua." Ninampenda mume wangu na mama huyu nilishaanza kumpenda, na sitaki kurudi At-Bashy na sanduku langu, ambalo nimeshalisogeza mlangoni, nikiwa kichekesho.

Kwa hiyo niambie, nipande nini? Nimeleta kutoka sokoni miche ya mmea ule, ila ni ile ya majani ya kijani. Jirani naye amenipa tena mashina ya jusai. Jusai inalisha nyumba, ukiikata inarudi, na ua lile hata likipendeza vipi halijazi tumbo. Au nigawe nusu kwa nusu kila mtu aridhike?

Mkamwana wa Mtaroni, Özgön

*

Mkamwana wa Mtaroni,

Futa machozi kwanza, kisha keti, maana nina maneno yako na hayatakuwa matamu yote.

Kung'oa ile miche hakukuwa ubaya. Nyumba mbili zilikuwa na neno moja na kila nyumba inamaanisha kitu chake, na hakuna aliyekufundisha. Mama mkwe angeweza kunyoosha kidole tu na leo tusingekuwa hapa. Lakini wewe nawe! Unasema ulifurahi. Uling'oa miche ambayo mama wa watu aliipanda kwa mikono yake, ukaacha uliyoipanda wewe, na hukujiuliza? Kuuliza si ujinga. Mkamwana kunyamaza ni adabu, ila kunyamaza na jembe mkononi ni hatari.

Kulitamka jina, hapo ulikosea, na sitakufunika. Usiniambie wifi alikuchokoza. Alikuchokoza, ndiyo, na mdomo ule angeutumia kula sambusa tungepona wote. Lakini mdomo uliolitaja jina ni wako.

Sasa twende bustanini, maana hilo ndilo uliloniuliza. Mimi si mkamwana wa nyumba yenu, kwa hiyo nitautaja: mrehani, au raykan kama tunavyouita huku, na Raykan ndilo jina la yule marehemu. Jusai ni mboga ya mtu mwenye shughuli nyingi. Shina lake linalala chini ya theluji na masika linaamka lenyewe. Uikate, uikanyage, ng'ombe apite juu yake, itarudi. Haihitaji mtu wa kuikumbuka. Mrehani haukuvumilii hivyo. Unataka jua, ukuta wa kuukinga upepo, maji ya mzizini. Ukitaka majani unakata vichwa vya maua, na ukitaka mbegu unayaacha maua yakauke juu ya shina. Baridi ya kwanza ikipiga, umekufa wote, hausalii hata mzizi. Ukiuona uani mwaka unaofuata, ujue kuna mtu alikausha mbegu akaziweka.

Umenielewa? Mama mkwe wako aliletwa hapo akiwa msichana kama wewe, na aliyempokea ni huyo Raykan. Tangu siku hiyo jina lile hajalitoa mdomoni, si mama mkwe akiwa hai, wala siku anamzika. Ameshindwa kumwita, basi amempanda, kila masika, mahali penye jua kuliko pote uani kwake. Wewe ukampa ng'ombe, kisha ukalipiga kelele jina lenyewe mbele ya majirani. Unaona sasa kwa nini analifunika bakuli?

Miche ya sokoni mpe jirani. Hiyo ni mrehani wa mtu mwingine, na mama ataijua hata akiwa amefumba macho. Nusu kwa nusu pia usiniletee, huo ni ukaidi uliovaa heshima. Mashina ya jusai kayapande nyuma ya zizi, kule hayatalalamika.

Kesho asubuhi, mama akimaliza kuswali, nenda kwake mikono mitupu. Usianze na "nilidhani" na usimtaje wifi. Sema, "Mama, nimekukosea. Naomba mbegu za kinachonukia." Neno lake, kwa maana yake, na kuanzia leo jusai uiite jusai. Mwanamke aliyepanda mrehani maisha yake yote hamwagi mbegu zote ardhini mara moja. Ziko mahali, zimefungwa fundo kwenye kitambaa, na mahali hapo usipatafute. Akinyamaza, toka ukavunjevunje madongoa mtaroni ambapo anaweza kukuona. Akinyamaza tena, keshokutwa urudi na maneno yaleyale. Akikupa, usipande peke yako hata kama unajua. Mwombe akuonyeshe.

Nawe Mirlan, kama unasomewa hii huko Urusi: mpigie mama yako, si dada yako, umuulize yeye mwenyewe ana nini. Kumtishia mke kwa simu ni rahisi mno kwa mwanamume aliye mbali na jembe.

Na wewe mwanangu, siku bakuli lile litakapofunuliwa, usije ukafurahi ukalijaza hadi ukingoni, maana kwetu bakuli lililojaa ni la kumuaga mgeni. Mimina kidogo, mpe kwa mikono miwili, kisha ukae hapo na birika lako. Akikunyooshea bakuli tupu ili umwongeze, ujue unabaki, hamisha sanduku lako kutoka mlangoni.